Kufunga turbo kwenye gari la kifahari: Je, fedha inarudi?

BAADHI ya wamiliki wa magari ya kifahari yaliyotumika katika maeneo ya Mbagala, Tandika, Sinza na Mwananyamala wamekuwa wakishawishiwa kufunga turbo kwenye magari ambayo hayakutoka nayo kiwandani, kwa matumaini kwamba gari litapata nguvu zaidi na bei yake itapanda. Msomaji mmoja wa Mbagala, mwenye Toyota Crown anayoikodisha kwa ajili ya harusi, ametuuliza kama aitoe akiba yake ya shilingi milioni sita kwa kazi hiyo. Fundi wake amemhakikishia kwamba baada ya wiki mbili gari "litaruka", na kwamba siku akitaka kuliuza hatakosa mteja.

Jibu letu fupi ni kwamba asifanye. Jibu refu linahitaji maelezo, kwa sababu fundi huyo hakudanganya katika yote. Nguvu itapatikana. Suala ni gharama ya kuitunza nguvu hiyo, na nani atakayeilipia.

Injini ya petroli ya kawaida hujivutia hewa yenyewe. Pistoni inaposhuka huacha nafasi, na hewa ya nje huingia kuijaza kwa mgandamizo wa anga peke yake. Kiasi cha hewa kinachoingia ndicho kinachoamua ni petroli kiasi gani iungue, na hapo ndipo nguvu inapotoka. Kwa mkazi wa Dar es Salaam hakuna tatizo, maana tupo usawa wa bahari na hewa ni nzito. Arusha, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, injini hiyo hiyo hupoteza takriban asilimia 14 ya hewa yake, na Mbeya hupoteza zaidi. Mwenye gari wa Mbeya angalau ana kisingizio.

Turbo ni feni mbili ndogo zilizofungwa kwenye shafti moja. Feni ya kwanza huzungushwa na moshi wa moto unaotoka kwenye injini, moshi ambao vinginevyo ungepotea kupitia ekzosi. Ya pili, ikizungushwa na ya kwanza, huvuta hewa safi na kuisukuma ndani ya injini kwa nguvu. Kasi ya shafti hiyo hupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Turbo ikiongeza mgandamizo wa nusu bar tu juu ya ule wa anga, injini hupata hewa karibu mara moja na nusu ya ile iliyozoea, na kama petroli nayo itaongezwa kwa kiasi hicho, nguvu hupanda. Ndiyo maana mtu akiendesha gari la namna hiyo kwa mara ya kwanza hurudi anacheka.

Matatizo huanzia kwenye joto. Hewa ikigandamizwa hupata moto, kama mtu yeyote aliyewahi kushika pampu ya baiskeli anavyojua. Kwa mchana wa kawaida wa Dar es Salaam wenye nyuzi 32, hewa iliyogandamizwa kwa nusu bar inaweza kutoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi zaidi ya 80. Ikiingia hivyo ndani ya silinda na kugandamizwa tena na pistoni, petroli inaweza kuwaka yenyewe kabla ya wakati wake, huku pistoni ikiwa bado inapanda. Hapo husikika mlio kama wa kokoto zinazogongana ndani ya debe. Mlio huo ukiachwa uendelee hutoboa pistoni, huvunja ringi au huunguza gasketi ya silinda hedi. Mwisho wake ni lugha inayojulikana katika kila gereji ya mji huu: injini imenoki.

Kiwanda kinajua jambo hilo, na hapa ndipo mfanyabiashara anapopaswa kutazama kwa makini. Chukua injini ya 1JZ ya Toyota, yenye ukubwa wa cc 2,491, iliyofungwa kwenye Mark II, Chaser na Crown. Toleo lake lisilo na turbo, 1JZ-GE ya VVT-i, hugandamiza hewa kwa uwiano wa 10.5 kwa 1 na kutoa nguvu za farasi 200. Toleo lenye turbo, 1JZ-GTE ya mwaka 1996 na kuendelea, ambalo ndilo lililokuwa kwenye Mark II Tourer V, lilishushwa hadi 9.0 kwa 1 na likatoa 280. Ukubwa ni ule ule. Toyota walipotaka kuweka turbo hawakuifunga tu juu ya injini iliyokuwepo. Walibadilisha pistoni ili kupunguza mgandamizo, wakabadilisha na mfumo wa petroli na kompyuta. Kwenye ndugu yake mkubwa, 2JZ-GTE ya cc 2,997, pistoni hunyunyiziwa oili kutoka chini ili zisiungue.

Sasa linganisha na magari ambayo mafundi wetu wanaombwa kuyafunga turbo. Mark II ya GX100 yenye injini ya 1G-FE ya VVT-i ina uwiano wa 10.0 kwa 1. Crown ya msomaji wetu ni ya mwaka 2005, yenye injini ya 4GR-FSE ya V6. Uwiano wake ni 12.0 kwa 1. Zaidi ya hapo, injini hiyo hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa mgandamizo mkubwa sana, hivyo nozeli na pampu yake si vitu vya kuokoteza Gerezani na kufungwa vya ukubwa wowote. Kati ya magari yote ya kifahari yanayopendwa mjini, hiyo na Mark X yenye injini hiyo hiyo ni ya mwisho kufikiriwa kwa turbo ya kuongeza.

Si mara ya kwanza kwa somo hili kugharimu watu fedha. Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani, tawi la General Motors, ilitoa gari lililoitwa Jetfire, mojawapo ya magari ya kwanza ya abiria duniani kuuzwa na turbo. Injini yake ya V8 iliachwa na uwiano wa 10.25 kwa 1. Ili isigonge, walifunga tangi dogo la maji yaliyochanganywa na spiriti, ambayo yalinyunyizwa kwenye hewa kila turbo iliposukuma kwa nguvu. Wateja walisahau kujaza tangi. Gari hilo lilitengenezwa kwa miaka miwili tu, yakauzwa yasiyofika 10,000, na mwaka 1965 kampuni ikawapa wamiliki nafasi ya kutolewa turbo na kufungiwa kabureta ya kawaida. Kama General Motors, yenye maabara na wahandisi wake, ilirudi nyuma, fundi mwenye spana na simu ya mkononi anahitaji sababu nzuri sana ya kusonga mbele.

Japani walikuja na sababu nzuri, nayo ilikuwa ya kodi. Nissan Cedric ya mwaka 1979 ndiyo iliyofungua njia huko, na Toyota ikafuata na Crown ya turbo mwaka 1980. Zote zilikuwa na injini za lita 2, kwa sababu gari lililozidi cc 2,000 lilitozwa kodi kubwa zaidi. Turbo ilimpa mwenye gari la lita 2 nguvu za gari kubwa bila kuvuka mstari huo.

Mstari kama huo tunao na sisi. Ushuru wa bidhaa kwa gari dogo la abiria lenye injini ya kuanzia cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5, na likizidi cc 2,000 ni asilimia 10. Hutozwa juu ya thamani ya gari pamoja na ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha VAT ya asilimia 18 hufuata juu ya vyote. Kwa mfano, gari lenye thamani ya sh. 10,000,000 linapofika bandarini hufikia sh. 12,500,000 baada ya ushuru wa forodha. Asilimia 5 yake ni sh. 625,000 na asilimia 10 ni sh. 1,250,000. Ukiongeza VAT juu ya tofauti hiyo, mwenye injini kubwa analipa sh. 737,500 zaidi ya mwenzake, kabla ya tozo nyingine na kabla ya ushuru wa ziada unaotozwa gari lililozidi miaka 8, ambao huwa mkubwa zaidi likizidi 10. Viwango hivi huweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha kila Julai, kwa hiyo mwagizaji asikae na karatasi ya mwaka jana mfukoni.

Hapo ndipo turbo ya kiwandani inapokuwa biashara ya maana. Tangu mwaka 2015 Toyota ilianza kuuza Japani Crown Athlete yenye injini ya turbo ya cc 1,998 na nguvu za farasi 235, wakati Crown ya V6 ya cc 2,499 ya kizazi hicho ilikuwa na 203. Mwagizaji anayeangalia kadi ya mnada kwa makini ataona kwamba gari lenye nguvu zaidi ndilo lililo ndani ya mstari wa cc 2,000.

Turudi Mbagala. Gharama za kufunga turbo haziishii kwenye turbo, na mara nyingi turbo yenyewe iliyotumika kutoka Dubai au Japani ndiyo sehemu rahisi. Inahitajika manifodi ya ekzosi iliyotengenezwa kwa ajili yake, mabomba ya hewa, interkula ya kupooza hewa hiyo, mipira inayostahimili joto, njia ya oili ya kwenda na kurudi, nozeli kubwa, pampu ya petroli yenye uwezo, plagi za baridi zaidi, na kompyuta ya injini iliyopangwa upya. Jambo hili la mwisho ndilo linalorukwa zaidi. Kompyuta ya kiwandani haijui kwamba kuna turbo. Huendelea kutoa petroli na moto wa plagi kwa hesabu za zamani, na injini huungua kidogo kidogo bila mwenye gari kujua, hadi siku ya safari ya Morogoro.

Kisha kuna giaboksi ya otomatiki iliyotengenezwa kubeba nguvu za farasi 160 au 200, na breki zake vivyo hivyo. Redieta iliyokuwa inatosha kwa shida kwenye foleni ya Kilwa Road saa 11 jioni sasa ina interkula mbele yake inayoizibia upepo, na gari linaanza kuchemsha. Vumbi la barabara za mitaa humaliza feni za turbo kama chujio la hewa ni lile la wazi linalouzwa kwa ajili ya sura. Na kama bomba la kuvuta hewa limeshushwa karibu na bampa, mvua kubwa moja ya masika pale Jangwani inatosha kuingiza maji kwenye silinda. Injini iliyomeza maji haina mjadala.

Oili nayo si ya kufanyia mzaha. Shafti ya turbo huelea juu ya utando mwembamba wa oili, na oili bandia au iliyopitwa na muda humaliza turbo kabla ya kitu kingine chochote. Dereva naye hupaswa kuiacha injini iunguruме dakika moja au mbili kabla ya kuzima baada ya mwendo mkali, ili turbo ipoe. Anayekodisha gari kwa madereva wa kupokezana ajiulize kama kila mmoja wao atakumbuka.

Sasa hesabu. Tarakimu tunazotumia ni za mfano tu, na msomaji aweke zake. Tuseme Crown ilinunuliwa kwa sh. 16,000,000. Inakodishwa kwa sh. 200,000 kwa harusi, na inapata harusi 3 kwa mwezi, yaani sh. 600,000 kabla ya petroli na dereva. Kazi ya turbo ni sh. 6,000,000. Fundi amesema wiki mbili, lakini tukiwa wakweli tuseme mwezi mmoja na nusu, maana kuna kifaa kitakachosubiriwa. Muda huo gari haliingizi kitu, kwa hiyo ongeza sh. 900,000. Jumla ni sh. 6,900,000, ambazo ni mapato ya harusi 34 na nusu, karibu mwaka mzima. Na katika mwaka huo kuna Ramadhani na Kwaresima, ambapo harusi hupungua. Kama fedha ni za mkopo wa SACCOS, riba inaendelea kuhesabika.

Je, maharusi wataongeza bei kwa sababu gari lina turbo? Msafara wa harusi huenda nyuma ya pikapu ya matarumbeta kwa mwendo ambao mpiga picha anaweza kuufuata kwa miguu. Kwa mwendo huo turbo haisukumi chochote. Bibi harusi anachokiona ni rangi, viti na kiyoyozi.

Upande wa kuuza hali ni ngumu zaidi. Mnunuzi wa gari lililotumika huuliza swali moja kabla ya yote: injini imefunguliwa? Gari lenye turbo ya kuongezwa limejijibu lenyewe. Wapo vijana wachache wanaolitaka hivyo, lakini mara nyingi hao hutaka kufunga wenyewe kwa namna wanayoipenda, na mifuko yao si mirefu. Wengine wote hukata bei kwa hofu. Tuseme hofu hiyo ni sh. 2,000,000 tu. Msomaji wetu atakuwa ameweka 6,900,000 na kupoteza 2,000,000 juu yake. Anayefaidika bila wasiwasi ni mwenye duka la spea aliyemuuzia nozeli, plagi na oili, na atakayemuuzia tena.

Kuna pia karatasi. Kampuni ya bima hukubali kubeba hatari kwa kutegemea maelezo ya mteja, na kuongeza nguvu za injini ni jambo ambalo inapaswa kuambiwa. Mwenye bima kubwa aliyekaa kimya anaweza kukataliwa fidia siku ya ajali, wakati ameilipia mwaka mzima. Anayebadilisha injini nzima anapaswa pia kufikisha badiliko hilo TRA, kwa sababu namba ya injini na ukubwa wake vimeandikwa kwenye kadi ya gari. Kadi isiyolingana na injini ni kasoro ambayo mnunuzi makini ataitumia kukata bei, na trafiki ataitumia kwa njia yake.

Kwa anayeitaka turbo kwa moyo wote, na wapo, njia yenye hasara ndogo ni injini kamili ya turbo ya kiwandani, ikiwa na kompyuta, nyaya na giaboksi yake, ifungwe kwenye gari lililoundwa kupokea familia hiyo ya injini. Mark II ya 1JZ-GE ikipokea 1JZ-GTE ni kazi ambayo fundi mzuri anaweza kuifanya bila kubahatisha, kwa sababu Toyota walishaifanya kwanza. Injini hizo hupatikana zikiwa zimekatwa pamoja na nusu ya mbele ya gari. Ikaguliwe kabla ya kulipiwa, na isiachwe kusikilizwa ikiunguruma, maana ikiwa kwenye sakafu ya duka kila injini ni nzuri.

Lakini bei zake hazitashuka. Sheria ya Marekani inaruhusu gari la nje lililofikisha miaka 25 kuingizwa bila kutimiza masharti ya usalama ya magari mapya. Mark II na Chaser za mwaka 1996 zilifikisha umri huo mwaka 2021, na tangu hapo mnunuzi wa Dar es Salaam anashindana kwenye mnada wa Japani na mtu wa Texas anayelipia kumbukumbu. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye Tourer V halisi iliyoegeshwa uani Temeke, yenye injini yake ya asili na kadi inayolingana, asikubali kuikata ili auze vipande. Aifunike, na aanze kuuliza bei nje ya Gerezani.

Anayeletewa gari ambalo tayari limefungwa turbo alitazame likiwa la baridi, liwashwe mbele yake. Moshi wa bluu unaonyesha oili inavuka. Mlio kama king'ora gari linapokanyagwa unaonyesha shafti imelegea. Aulize nani aliipanga upya kompyuta, na kama jibu ni kwamba haikuguswa, hesabu ya bei ianze kwa kuchukulia kwamba injini itahitaji kubadilishwa.

Tulipozungumza tena na msomaji wetu wa Mbagala Jumanne, alisema amemwambia fundi asubiri. Amenunua shokapu nne, amejaza gesi ya kiyoyozi na kushona upya viti vya nyuma, na fedha iliyobaki ipo benki. Jumamosi gari lina harusi Tandika.